Amelala juu ya mto

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Unapoomba, Yesu kwako ni Mungu zaidi au ni mtu zaidi?" Nimekaa nalo siku tatu. Kila nikitaka kujibu, neno "zaidi" linanikwama kooni. Nitaeleza kwa nini, ila nianze na kosa langu mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Siku moja tulikuwa kwenye Marko sura ya 4, habari ya dhoruba iliyoikuta mashua ya Yesu na wanafunzi wake. Nikasoma kwa sauti: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." (Shetri ni sehemu ya nyuma ya mashua.) Mkono ukainuka. Mtoto wa miaka saba hivi akataka kujua Yesu alilalaje juu ya mto ilhali wako baharini. Wenzake wakaangua kicheko. Nikaeleza kwamba mto huu si wa maji, ni ule wa kulalia, wa kuwekea kichwa. Akanyamaza, nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. "Sasa kama Yesu ni Mungu, na alilala, nani alikuwa anaangalia dunia?"

Nikajibu harakaharaka, kama tunavyojibu watu wazima tukishikwa pabaya: "Hakulala kabisa. Alifumba macho tu, alitaka kuona imani yao." Mtoto akaridhika. Nami nikaridhika, tena nikajisifu moyoni.

Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba asubuhi ile nilifundisha uzushi, tena uzushi mkongwe. Tangu siku za mwanzo za Kanisa walikuwako waliosema mwili wa Yesu ni mwonekano mtupu: alionekana akila, akichoka, akiteseka, lakini haikuwa kweli. Ignasi, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, aliwaandikia Wakristo barua akiwa njiani na kuwauliza: kama Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, mimi minyororo hii nimeivalia nini? Na mimi nisiye na mnyororo wowote nilikuwa nimemfanya Bwana mwigizaji wa usingizi mbele ya watoto.

Sikufanya hivyo kwa ubaya. Nilikuwa namlinda. Niliona usingizi utamshusha, utampunguzia Uungu wake, kama kwamba Uungu ni maji ya kwenye ndoo, ukitia kitu kingine yanamwagika. Na sala zangu zilifuata mkondo huohuo. Niliomba kama mtu anayepeleka barua kwa mkubwa: maombi makubwa, maneno yaliyonyooshwa. Uchovu wangu, wivu wangu, ule uvivu wa saa nane mchana, sikumpelekea. Nilijisemea, haya atayajulia wapi?

Karne ya 4 alikuwako askofu mmoja, Apolinari wa Laodikea, ambaye namwonea huruma kwa sababu tunafanana. Alishikilia kwa nguvu kwamba Kristo ni Mungu kweli. Lakini akili ya kibinadamu aliiona tatizo, inayumba na kukosea, basi akasema Kristo hakuwa nayo. Mahali pake palikaa Neno wa Mungu, yaani Mwana wa milele. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne hiyohiyo, akamjibu kwa hoja fupi ambayo hadi leo haijachuja: kisichotwaliwa hakikuponywa. Maana yake, kama hakuitwaa akili yangu, basi ameokoa mkono na mguu, akakiacha kichwa, na ugonjwa wangu mkubwa uko humo humo.

Sasa nije kwenye "zaidi". Mwaka 451 maaskofu walikutana Kalsedonia, ng'ambo ya maji kutoka Konstantinopoli, wakaungama Kristo mmoja, Mungu kamili na mtu kamili, katika hali mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, zisizochanganyika wala kugeuka, zisizogawanyika wala kutengana. Wengi husema maneno hayo ni makavu. Mimi nayapenda kwa ukavu wake; hayajifanyi kueleza fumbo, yanaziba tu njia za mkato. Ukisema "Mungu zaidi" umeshaanza kupima, na ukipima umeshagawa. (Najua makanisa ya Wakopti wa Misri, Waethiopia na Waarmenia hayakuukubali mkutano ule, lakini haikuwa kwa kuukana utu wa Kristo. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Karne kumi na tano kufika hapo, si haba.)

Na yule mtoto? Jibu lake lilikuwako siku zote. Athanasi, askofu wa Aleksandria katika karne ya 4, aliandika kwamba Neno alipokuwa katika mwili hakufungiwa humo. Aliendelea kuushikilia ulimwengu wote. Kwa hiyo ningemwambia: yeye mwenyewe, mwanangu. Aliyelala na aliyekuwa anaangalia dunia ni huyo huyo mmoja. Usingizi ulikuwa wa kweli, wa mtu aliyefundisha kutwa akachoka. Wala hakuamshwa na mawimbi, aliamshwa na watu: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Akaamka, akaukemea upepo, bahari ikatulia. Angalieni hapo: ni baada ya shwari ndipo Marko anasema waliingiwa na hofu kuu. Dhoruba waliizoea, baadhi yao walikuwa wavuvi. Kilichowatisha ni kwamba sekunde chache nyuma walikuwa wanamtikisa bega.

Ndiyo maana wale wanaotaka abaki mwenzetu tu nao hawanitoshi. Mwenzangu wa usingizi atanifariji, nashukuru, lakini bahari hataiweza. Na wa kuiweza bahari asiyejua kuchoka, ningemwogopa tu. Waebrania 4:15 inasema hatuna kuhani mkuu "asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu". Kuchukuana ni neno la watu wanaokaa nyumba moja, wanaojuana mpaka mikoromo yao.

Nilikuja kulielewa neno hilo usiku mmoja nikimuuguza mama. Ulikuwa usiku wa nne au wa tano, nimekaa kitini, mkono wake kiganjani mwangu, ngozi imekuwa nyepesi kama karatasi. Nilianza kuomba na usingizi ukanichukua katikati ya sentensi. Niliposhtuka, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa aibu, aibu ya wale wanafunzi watatu walioshindwa kukesha na Yesu hata saa moja katika bustani ya Gethsemane. Halafu nikakumbuka mashua. Kule yeye alilala, wao wakawa macho na kumlalamikia. Bustanini wao walilala, yeye akawa macho, na kweli aliwauliza kwa nini wanalala, lakini akaongeza: "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Nilikuwa nimeusoma mstari huo kama karipio. Usiku ule niliusikia kama maneno ya mtu mwenye mwili, anayejua kope zinavyokuwa nzito.

Sikumwomba msamaha kwa kusinzia. Nilimwambia tu kwamba nimechoka na naogopa, kwa maneno hayohayo, bila kuyanyoosha. Kisha nikamwomba lile ambalo hakuna mwenzangu yeyote angeweza kunipa, kwamba mama avuke. Ilikuwa sala moja, na sikuhisi popote kwamba nimehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Saa kumi alfajiri nilishtuka tena. Mama alikuwa bado anapumua, na sentensi yangu ilikuwa imekatika nusu. Nikaendelea pale nilipoishia.