Waulize Mafundi: Koki inavuja ngamani, fundi hapokei simu

SWALI: Nina boti ya faiba ya mita 9 yenye mashine ya dizeli ya ndani. Koki inayoingiza maji ya kupoozea mashine ilibadilishwa miezi 5 iliyopita, na tayari inatoa jasho kwenye shina, maji yanashuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Fundi aliyeifunga kachukua kianzio cha 250,000 aje airekebishe. Wiki ya tatu hii, kila siku "nipo njiani". Nimsubiri? Na koki mpya inakufaje upesi hivi?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Ndugu yetu, kabla ya habari za fundi, ikwangue hiyo koki kwa ncha ya kisu. Chini ya ukijani ukikuta wekundu wa waridi badala ya njano, umefungiwa koki ya bomba la nyumbani. Ile ni shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi huila zinki, ikabaki shaba yenye vitundu inayomeguka kama biskuti. Basi usiizungushe kwa nguvu chombo kikiwa kinaelea. Tundu la milimita 25, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika, yaani ndoo kubwa mbili na nusu, na kwa kasi hiyo mikono ya kufua maji itachoka mapema. Leo hii chonga kizibo cha mti laini, chembamba mbele na kinene nyuma, ukifunge kwa kamba pembeni ya koki.

Nunua vifaa mwenyewe, risiti ibaki kwako. Tafuta koki ya bronzi (shaba iliyochanganywa na bati), na mpira wenye waya ndani, kwa sababu mpira mtupu hujibana mashine inapovuta na mashine ikachemka. Kila ncha ya mpira ifungwe klipu mbili, vichwa vya skrubu vielekee pande tofauti. Nenda dukani na sumaku: klipu nyingi zina mkanda wa stenlesi lakini skrubu ni chuma cha kawaida, na hiyo skrubu ndiyo inayokatika kwa kutu. Koki ijaribiwe kwa mkono kwanza. Ikiingia mizunguko miwili mitatu ikagoma, nyuzi hazifanani. Fundi akileta spana ya bomba kuilazimisha, mzuie.

Sasa huyo bwana wa "nipo njiani". Kazi ya chini ya maji haina "wiki ijayo", ina bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Bamvu huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo pwani yetu maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Ukikipweleza chombo, unapata kama saa 4 za kazi kwenye mchanga mkavu, muda unaotosha kubadilisha koki. Lakini kama hata kile kipande kinachopita kwenye faiba kinang'olewa, gundi yake inataka siku kadhaa ikauke. Hapo kivute chombo juu maji yakijaa siku za kilele cha bamvu. Maji mafu, yale ya kati ya bamvu na bamvu yasiyojaa sana, hayatakifikia. (Usifanye hivyo kwa bamvu kubwa la Machi au Septemba. Bamvu linalofuata huenda lisikifikie, ukabaki na boti ya nchi kavu.)

Kwa hiyo wiki tatu zile zimekula angalau bamvu moja. Mpe tarehe ya bamvu lijalo kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani): asipofika, kianzio kinarudi na kazi anapewa mwingine. Na huyo mwingine msipatane kwa siku. Mpatane kwa kazi: theluthi ya ufundi koki ikishafungwa, theluthi boti ikishalala majini usiku mmoja, iliyobaki boti ikishatoka na kurudi kwa mashine, maana mtikisiko ndio unaofichua klipu legevu. Asubuhi ya ukaguzi zungushia kila kiungo karatasi ya chooni kavu. Tone moja tu litaonekana, hata fundi akisema ni unyevu wa usiku.

SWALI: Pampu yangu ya ngamani imeandikwa galoni 1,100 kwa saa, lakini maji hayapungui, na ikizima inawaka tena yenyewe.
*Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Namba hiyo hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ukishaweka mpira wa kupanda mita moja na nusu, kona, na waya mwembamba unaopunguza umeme, shukuru ukipata nusu yake. Ondoa mpira wa mikunjomikunjo, weka laini ndani, na waya wa milimita 2.5 wenye fyuzi karibu na betri. Kuwaka tena ni maji yaliyobaki kwenye mpira kurudi ngamani na kuinua boya la swichi: fupisha mpira. Ila hakikisha tundu la kutolea liko angalau sentimita 30 juu ya maji boti ikiwa na mzigo kamili. Likizama, bahari inaweza kuingia kupitia mpira huohuo pampu ikizimwa.

SWALI: Impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji ya kupoozea mashine, hukatika mapanga mara kwa mara. Ni feki?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

JIBU: Huenda, lakini kwanza ulizia nani anawasha mashine koki ikiwa imefungwa, maana impela ikizunguka kavu huungua upesi. Na kila ukibadilisha, hesabu mapanga ya ile ya zamani. Yaliyopungua yamekwama mbele kwenye mabomba ya kupoozea. Yatoe yote kabla hujafunga mpya.