Jibu: MA ya TESOL Marekani na kazi ya shule za serikali

Salama mkuu. Umeuliza kama MA ya TESOL (shahada ya uzamili ya kufundisha Kiingereza kwa wenye lugha nyingine) unayotaka kusoma Marekani itatosha kukuingiza shule za serikali kule. Yenyewe peke yake, mara nyingi haitoshi. Leseni ya ualimu hutolewa na jimbo, na vyuo vingi vina TESOL ya aina mbili, yenye leseni na isiyo nayo. Kabla hujalipa chochote, mwandikie mratibu wa kozi: nikimaliza, jimbo litanipa leseni? Akizungukazunguka, hesabu ni hapana.

Kisha uliza mazoezi ya kufundisha yanafanyika wapi. Mimi nilipangiwa wahamiaji watu wazima, darasa la jioni, watu wanatoka kazini na sare zao. Raha tupu, ila jimbo lilitaka masaa ya shuleni, na watoto. Nikaishia chuo cha jamii (community college), ambako MA ndiyo wanayoitaka. Na zipo MA za nadharia tupu! Wakati CELTA, cheti cha kufundisha Kiingereza cha wiki chache tu, inakulazimisha ufundishe jumla ya masaa 6, msimamizi amekaa nyuma anaandika.

Kama shabaha yako ni vyuo vya Oman na Ghuba, MA bila leseni ina soko. Shule za kimataifa ndizo hudai leseni.