Ramani ya kura za kaunti: mambo ya kujua kabla hujapaka rangi

Karibu kwenye kazi hii. Nafurahi kila ninapoona kijana anataka kuchora matokeo ya uchaguzi ya kaunti yake, kwa sababu ramani iliyochorwa vizuri humwonyesha mkazi wa wadi hali ambayo asingeiona akifungua kurasa mia mbili za majedwali. Lakini nataka tuelewane mapema: kazi yenyewe iko kwenye jedwali. Jua unahesabu nini, katika eneo gani, na unagawanya kwa nini. Ukiliruka hilo, ramani itapendeza na itadanganya.

Eneo la kuanzia ni wadi. Kenya ina kaunti 47, maeneobunge 290 na wadi 1,450, na mipaka iliyotangazwa mwaka 2012 ndiyo iliyotumika mwaka 2013, 2017 na 2022. Kwa hiyo wadi unaweza kuilinganisha na yenyewe katika chaguzi tatu bila wasiwasi wa mipaka kuhamahama. Ukishuka chini ya wadi, uhakika huo unaisha, na hapo ndipo wageni wengi huteleza.

Chukua shule ya msingi iliyokuwa na wapiga kura 1,300 mwaka 2017. Sheria inasema kituo kimoja cha kupigia kura kisizidi wapiga kura 700, basi shule hiyo ilikuwa na vituo viwili. Mwaka 2022 wakifika 1,500, vituo vinakuwa vitatu, na watu wanagawanywa upya kwa herufi za majina yao. Kituo cha 2 cha 2017 na Kituo cha 2 cha 2022 vina jina moja na pengine darasa moja, lakini watu si wale wale. Nchi nzima vituo viliongezeka kutoka 40,883 mwaka 2017 hadi 46,229 mwaka 2022, kwa hiyo hili si jambo la shule moja mbili. Jumlisha vituo vyote vya shule hiyo upate kituo kimoja cha kuandikisha, kisha ulinganishe hicho. Ukiona mtu anasema kituo fulani "kimegeuka" kisiasa, muulize kwanza kama alijumlisha.

Namba za utambulisho ndizo zitakazokuokoa kwenye kuunganisha majedwali, si majina. Wadi zenye jina la Township zimejaa nchini. Wadi kama Sagante/Jaldesa utaikuta imeandikwa kwa mkwaju huku, kwa kistari kule, na kwingine neno moja limeachwa. Namba ya kituo ina tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneobunge, nne za wadi, tatu za kituo cha kuandikisha na mbili za kituo cha kupigia kura. Kaunti ya Marsabit ni 010. Ukiifungua faili hiyo kwenye Excel bila tahadhari, sufuri ya mwanzo inapotea na namba nzima inageuka kuwa kitu kama 1.0045E+13. Iambie programu tangu mwanzo kwamba safu hiyo ni maandishi. Ni hatua ya sekunde chache, na bila hiyo vituo havitakutana na mipaka yao.

Kuhusu fomu, zijue kwa namba zake. 34A ni ya rais kituoni, 35 ni ya mbunge, 36 ya mwakilishi wadi, 37 ya gavana, 38 ya seneta na 39 ya mwakilishi wa wanawake. Herufi A ndiyo ya kituo. Zinazofuata ni za kujumlisha ngazi za juu. Ukipata nafasi ya kufanya kazi na A, fanya nayo, kwa sababu makosa ya kujumlisha hutokea juu yake. Na weka safu ya kura zilizokataliwa peke yake. Ukitafuta idadi ya waliojitokeza, kura hizo zinahesabiwa, maana mtu alikuja akapanga foleni. Ukitafuta asilimia ya mgombea, haziingii.

Sasa sufuri. Kuna sufuri ya watu kutojitokeza na kuna pengo la uchaguzi kutofanyika, na kompyuta haitakusaidia kuzitenganisha. Katika marudio ya uchaguzi wa rais ya tarehe 26 Oktoba 2017, kura haikupigwa katika maeneobunge 25 ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Ukiyapaka rangi ya "asilimia 0", umesema jambo lisilo kweli kuhusu mamilioni ya wakazi. Yape mistari ya kijivu na maelezo pembeni. Vivyo hivyo mwaka 2022: ugavana wa Mombasa na Kakamega ulipigiwa kura tarehe 29 Agosti, si tarehe 9, kwa sababu ya hitilafu za karatasi za kura. Usimlinganishe gavana wa Mombasa na rais kana kwamba wapiga kura walisimama kwenye foleni moja.

Tuje kwenye uandikishaji, sehemu ninayoipenda kuliko zote na ambayo watu huipitia juu juu. Sajili ya kitaifa ilikuwa na watu wapatao milioni 14.4 mwaka 2013, milioni 19.6 mwaka 2017 na milioni 22.1 mwaka 2022. Ongezeko la kwanza ni kama asilimia 36, la pili ni kama 13. Kwa hiyo wadi iliyokua kwa asilimia 20 kati ya 2017 na 2022 imekwenda mbio kuliko nchi, ingawa kiwango hicho hicho kati ya 2013 na 2017 kingekuwa cha kuburura miguu. Daima weka mwendo wa wadi kando ya mwendo wa nchi katika kipindi kile kile. Kumbuka pia kwamba watu hawaandikishwi kidogo kidogo kwa usawa: huja kwa mawimbi ya kampeni za tume ya uchaguzi, na wimbi lenyewe laweza kuwa dogo. Lile la Oktoba 2021 lililenga wapiga kura wapya milioni 6, likapata kama milioni 1.5.

Halafu sajili husafishwa. Tuseme wadi ina walioandikishwa 10,000 na waliopiga kura 6,500; hiyo ni asilimia 65. Tume ikiondoa marehemu na walioandikwa mara mbili, tuseme 800, na watu wale wale 6,500 wakipiga kura tena, unapata karibu asilimia 71. Hakuna mtu hata mmoja aliyeongezeka kwenye foleni. Ndiyo maana sichori asilimia ya waliojitokeza bila kuweka pembeni yake ramani ya idadi kamili.

Kipimo bora zaidi ni walioandikishwa kati ya watu wazima wote, na hapo unahitaji sensa. Aliyekuwa na miaka 15 au zaidi katika sensa ya Agosti 2019 alikuwa ametimiza 18 kufikia Agosti 2022, kwa hiyo hesabu inawezekana. Kikwazo ni kwamba sensa hutoa takwimu kwa kaunti ndogo, lokesheni na lokesheni ndogo, si kwa wadi. Katika sensa, Sololo na Loiyangalani za Marsabit ni kaunti ndogo. Kwenye uchaguzi ni wadi, zenye mipaka yake. Ukiona majina yanafanana usiunganishe. Kwa anayeanza, fanya kipimo hiki kwa kaunti nzima kwanza, na ukishuka chini sema wazi kwamba ni makadirio.

Ukikuta kiwango cha chini, usikimbilie kuandika kwamba watu hawajali. Huwezi kuandikishwa bila kitambulisho cha kitaifa au pasipoti, na kwa miaka mingi vijana wa kaunti za kaskazini walipitishwa kwenye uhakiki wa uraia ambao kijana wa kwingine hakuujua. Rangi hafifu kwenye ramani yako huenda ni foleni ya vitambulisho.

Kwenye vyama nitakuwa mfupi. Vyama vya TNA na URP vya 2013 viliingia chama cha Jubilee mwaka 2016, na kufikia 2022 chama kingine, UDA, kilikuwa kimeshika maeneo mengi yaliyokuwa ya Jubilee. Upande wa pili ulipita miungano ya CORD, NASA, kisha Azimio. Ramani ya "chama kilichopanda" haina maana hapa. Fuata mgombea au muungano, na kwa wawakilishi wadi wape wagombea binafsi rangi yao.

Kisha ndipo uchore. Marsabit ni shule nzuri. Eneobunge la North Horr ni kubwa mno kwa ardhi, Saku ni doa dogo kuuzunguka mji wa Marsabit. Ukijaza rangi ndani ya mipaka, jicho litasoma jangwa na kuuacha mji. Tumia miduara inayokua kwa idadi ya kura, na usiiweke katikati ya umbo kama QGIS, programu ya kuchora ramani, itakavyokupendekezea, kwa sababu kitovu cha wadi kubwa kama hizo kinaweza kuangukia mahali pasipo na nyumba. Iweke kwenye makazi. Mipaka ya zamani ikikaa mamia ya mita kando na mahali pake, angalia kama faili moja iko katika mfumo wa viwianishi (namba za kuonyesha mahali) wa Arc 1960 na nyingine katika ule wa WGS 84.

Kabla ya kuchapisha, chapa nakala ya karatasi umpelekee mtu anayeishi katika wadi hiyo, si mwenzako wa ofisini. Atakuambia kituo kipi kilihamishiwa shule nyingine, na barabara ipi hukatika mvua ikinyesha. Na matokeo ya vituo vidogo vyenye watu wachache usiyaweke hadharani kimoja kimoja. Yajumlishe hadi wadi. Kijiji chenye wapiga kura hamsini hakihitaji majirani wajue kilimpigia nani.