Bosko hataki mtu atuguse, na mama mkwe yuko njiani

SWALI: Shikamoo kaka. Tuna mbwa anaitwa Bosko, miaka mitatu, chotara wa jemani shepadi. Kwa sisi wa nyumbani ni mpole mpaka raha, mtoto anamlalia mgongoni. Shida wageni, yaani mtu akinikumbatia tu anaruka, juzi kachana suruali ya kijana wa bodaboda aliyekuwa ananipa mfuko wa sokoni. Mume wangu anasema ndo kazi yake hiyo, tena anamsifia. Sasa Desemba mama mkwe anakuja kutoka Moshi, wiki tatu, na anatembelea mkongojo. Nimfungie bandani muda wote? — Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba dada, na umefanya la maana kuuliza mapema. Hii naomba shemeji aisome pia maana mwalimu wa Bosko ni yeye. Mbwa akibweka getini akaambiwa "safi sana" anajua kazi kaiweza, halafu mtu wa boda akishusha mzigo akaondoka zake, Bosko anahesabu kamfukuza yeye. Kila siku anashinda, aache kwa nini?

Bandani muda wote hapana, atakuwa anasikia sauti ngeni haoni mtu na siku akifunguliwa atatoka na hasira za wiki tatu. Banda ni la wakati geti linafunguliwa, basi.

Chemsha maini kidogo, kata vipande vidogo kama punje za muhindi. Bosko awe kwenye kamba, wewe umeshika, jirani asimame mbali kabisa, ng'ambo ya barabara hata. Akimwona tu mpe kipande, kingine, kingine, jirani akitoweka maini nayo yameisha. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Akigoma kula, mwili umekakamaa, macho hayabanduki kwa mtu, ujue mmesogea sana, rudini nyuma. Na mgeni asimlishe kwa mkono, hapo ndo watu wengi wanakosea, mbwa anafuata nyama, nyama ikiisha anashtuka kumbe yuko puani kwa mtu asiyemjua, anarusha meno.

Mkongojo sasa. Mbwa wengi wa kwetu wamepigwa fimbo au mawe, wakiona mtu kanyanyua kitu kirefu wanajua kinachofuata. Tafuta fimbo, ilaze uani, weka maini pembeni yake ale mwenyewe. Baada ya siku kadhaa wewe tembea nayo polepole, kisha shemeji, na ile ko ko ko ya sakafuni aizoee kabisa kabla mama hajapanda basi.

Akinguruma msimpige. Kunguruma ni honi, mkimpiga mnamfundisha kung'ata bila kupiga honi. Mpelekeni mbali, kisha mjiulize kilichomkera. Na huyo mtoto wa kulala mgongoni, dada, mkomeshe leo, Bosko anavumilia tu.

Siku mama anafika, Bosko awe bandani wakati geti linafunguliwa. Mama akae kwanza, ndo Bosko aletwe kwenye kamba, na mama asimkazie macho wala kunyoosha mkono. Ukiwa na wasiwasi kuna kile kikapu cha kufunika mdomo, anahema na kunywa maji humohumo, ila mzoesheni kuanzia sasa kwa kumwekea maini ndani, sio kumvalisha kwa nguvu siku ya mgeni.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka na kadi muitunze. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa amechanjwa. Huyo kijana wa boda umesema suruali tu, hebu mpigie leo umuulize vizuri kama meno hayakufika kwenye ngozi. Na suruali mlipeni.