Tumelelewa kama ndugu, sasa ametuma posa

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mama yangu na shoga yake wameshibana tangu usichana wao, wanaitana ndugu ingawa hawana nasaba yoyote. Sisi watoto tumekua tukiitana kaka na dada. Mume wa huyo shoga namwita baba mdogo, na ndiye aliyenisomesha baada ya baba yangu kufariki. Sasa kijana wao ametuma posa. Bibi amekataa kabisa: "Mmekula sinia moja, huyo ni kakako." Je, ndoa yafaa? Na baba mdogo aweza kuniozesha?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah.

Bibi yako ana haya ya kiungwana, wala simlaumu. Lakini Mwenyezi Mungu amewataja wanawake walioharamishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 23, kisha katika aya inayofuata akasema kuwa wasiokuwa hao ni halali. Sinia halimo. Kinachoharamisha ni nasaba, ukwe na kunyonya.

Hapo kwenye kunyonya ndipo ninapotaka msimame kwanza. Mashoga walioshibana hivyo, mmoja akienda sokoni mwenzake hubaki na watoto, na mtoto akilia hupewa ziwa. Waulizeni mama zenu wote wawili, tena kila mmoja peke yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mmoja wenu akiwa amenyonyeshwa na mama wa mwenzake mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili, nyinyi ni ndugu kweli na posa irudishwe. Wanazuoni wengine wanaharamisha hata kwa mara moja, kwa hiyo pakiwa na shaka, kuacha ni salama zaidi. Mtume (s.a.w.) alishauriwa amuoe binti wa Hamza, ami yake. Kwa nasaba binti huyo alikuwa halali kwake, lakini alikataa akasema ni binti wa ndugu yake wa kunyonya, kwa sababu yeye na Hamza walinyonyeshwa na Thuwayba.

Ikiwa hapakuwa na kunyonya, ndoa yafaa. Watu watasema, kisha watakula pilau.

Kuitana kaka au baba mdogo kwa mapenzi si kosa. Mtume mwenyewe alimwita Anas, kijana aliyemtumikia, "mwanangu". Kilichokatazwa katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, ni kumnasibisha mtu na asiyemzaa. Ndiyo maana Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake, Haritha.

Ama kukuozesha, hapana. Wema wake malipo yake yako kwa Mola wake, lakini haumpi uwalii, yaani haki ya kukuozesha. Walii wako ni babu mzaa baba, kisha ndugu zako wa kiume kwa baba, kisha watoto wao, kisha ami zako wa damu, kisha watoto wao. Mjomba hayumo, na hili nalirudia kwa sababu huku pwani mjomba huheshimiwa mno hadi watu wakadhani ndiye mwenye neno. Asipopatikana walii wa nasaba, ni kadhi. Mkitaka kumuenzi mzee huyo, walii wako anaweza kumpa uwakala akaozesha kwa niaba yake, maadamu yeye hasimami pia upande wa mwanawe.

Mirathi nayo ni hivyo hivyo: undugu wa kuitana haurithishi. Anayetaka kumwachia asiye mrithi aandike wasia, usiozidi theluthi.

Jambo moja hukuuliza. Huyo "kaka" si maharimu wako, yaani si katika wale walioharamishwa kukuoa milele, kwa hiyo kukaa naye faragha hakukufai kabla ya akdi. Baba mdogo vilevile. Siku ndoa itakapofungwa atakuwa baba mkwe, maharimu wako wa milele hata mkiachana na mwanawe. Kabla ya hapo, jisitiri mbele yake kama unavyojisitiri mbele ya mgeni.

Wallahu aalam.