Kabla hujajitolea kuhesabu samaki

Kibao changu cha kwanza cha kuandikia chini ya maji hakikutumika. Nilipanda botini nimejaza kila kisanduku, najiona mtaalamu, kiongozi wetu akasoma mstari mmoja tu: chewa tisa. "Wote wamezidi sentimita 30?" Nikasema ndiyo. "Na yule wa kahawia aliyekuwa anakufuata toka mwanzo wa utepe wa kupimia, umemhesabu mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Akakichukua kibao, akakisukuma chini ya benchi, akanipa soda.

Hiyo ilikuwa Ghuba ya Chole, Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania. Nilikuwa na cheti cha kuzamia na likizo ya wiki tatu, na kichwani nilikuwa nakwenda kuokoa bahari. Nikakuta kazi ni kuhesabu, tena kuhesabu polepole.

Kwa wasioijua: tulifuata utaratibu wa Reef Check, unaotumiwa na wazamiaji wa kujitolea duniani tangu mwaka 1997. Mnatandika utepe wa mita 100 juu ya mwamba na kuugawa vipande vinne vya mita 20, kila kimoja kikitenganishwa na kinachofuata kwa mita 5. Kisha mnaondoka. Ndiyo, mnaondoka, mnawaacha samaki robo saa wazoee, maana purukushani ya kutandika utepe imeshawatimua. Mnaporudi, mwenye zamu ya samaki anakwenda mita 5, anasimama, anangoja kidogo wale waliojificha watoke, ndipo anasogea. Mimi siku ya kwanza niliogelea kama nimechelewa daladala.

Halafu kuna suala la macho. Chini ya maji, ukiwa na miwani, kila kitu huonekana kimekuzwa kwa takriban theluthi moja. Ukiona chewa wa sentimita 40, huenda hajafika 30, na chewa asiyezidi 30 hahesabiwi. Dawa yake ni rahisi: chora alama za sentimita pembeni mwa kibao, kisha zoea kumlinganisha samaki na jiwe alilo karibu nalo, halafu upime jiwe. Kabla ya safari ya pili nilishinda ufukweni na vipande vya mbao vilivyokatwa kwa vipimo tofauti, mwenzangu anavizamisha, mimi nakisia. Watoto wa kijiji cha Utende walicheka mpaka wakachoka. Siku ya tatu nikaacha kukosea sana.

Lakini hata macho hayana maana kama hujui kutulia majini. Hapa sina huruma: kama huwezi kukaa nusu mita juu ya matumbawe bila kupiga mikono wala kupanda na kushuka, usijiunge bado. Nilivunja tawi la tumbawe kwa kiatu changu cha kuogelea, nikasikia mlio wake, kama biskuti. Tawi lile lilikuwa limechukua miaka kukua, nami nilikuja eti kulilinda. Wengi wetu tunabeba risasi (vipande vya uzito vya kuzamisha) nyingi mno kwenye mkanda, tunazama kama nanga, kisha tunahangaika kujaza hewa kwenye jaketi la kuelea. Punguza risasi, fanyia mazoezi sehemu ya mchanga mtupu, na mwanzoni omba zamu ya kushika utepe.

Zamu niliyokuja kuipenda ni ya sakafu ya mwamba, ambayo wengi wanaikwepa kwa sababu haina samaki. Unabeba uzi wenye kirisasi mwishoni, na kila nusu mita unauachia. Unapoangukia ndipo unaandika: tumbawe gumu, tumbawe laini, mwani, vifusi, mchanga. Pointi 160 kwa utepe mmoja. Uzuri wa kirisasi ni kwamba hakikupi nafasi ya kuchagua, maana jicho linapenda rangi na litakuvuta kwenye tumbawe la zambarau hata kama pembeni yote ni vifusi. Pointi 56 zikiangukia matumbawe magumu, una asilimia 35.

Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, kama ilivyotokea 1998, 2016 na 2024, matumbawe hufukuza mwani mdogo sana wenye rangi unaoishi ndani yake na kuyalisha, kisha hupauka. Wageni wakiona weupe huandika "limekufa". Sivyo. Lililopauka bado lina nyama hai juu yake na linaweza kupona maji yakipoa upesi. Lililokufa, baada ya muda si mrefu huota utando wa mwani. Angalia kwa karibu kabla ya kulizika.

Kuhusu wakati: huko ni pepo za kusi na kaskazi zinazoamua, pamoja na mwezi. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo kwenye mlango wa Kinasi, wa kuingilia ghuba, haukuachii hata uandike jina lako. Panga siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Na kama unaondoka Mafia kwa ndege, acha angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho, hata wenzako wakikubembeleza mzame asubuhi ya safari.

Vipo vikundi vinavyotoza pesa nyingi na takwimu zake hazifiki popote. Kabla ya kulipa uliza namba zinapelekwa kwa nani, na kama kijiji husomewa matokeo. Wakianza kukuonyesha picha za kasa badala ya kujibu, tafuta wengine.

Chetu kilisoma matokeo chini ya mwembe, jioni. Mimi nilipewa mstari wa jongoo bahari: utepe mzima, sifuri. Niliona aibu, kana kwamba sikufanya kazi, na kwa kweli pale majini nilishawishika kuandika hata mmoja. Nilipoisoma, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akainua kichwa.

"Sifuri, mwanangu? Hapo penye jiwe lililopasuka?"

"Ndiyo mzee, hapo hapo."

"Sisi tukiwa vijana tulikuwa tunawakanyaga hapo. Unatafuta pa kuweka mguu."

Wengine wakaanza kubishana ni mwaka gani, kabla au baada ya wanunuzi wa Dar kuanza kuja na mapipa. Fomu haikuwa na kisanduku cha maneno ya mzee. Nikaigeuza, nikayaandika nyuma kwa penseli, nikamsomea asikie kama nimeyapata sawasawa.