Keki ya umbo la dinosaria wa Tendaguru, kutoka jikoni kwangu Lindi

Mtu anayetaka kutengeneza keki ya umbo nyumbani kwa kawaida huanza kwa kutafuta picha nzuri, kisha huhangaika kuilazimisha keki ifanane nayo. Mimi nashauri aanze na keki yenyewe. Keki ni laini na ina uzito, na katika joto na unyevu wa Lindi, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, ulaini huo huzidi kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo umbo linalofaa ni lile ambalo keki inaweza kulibeba bila kuegemezwa huku na huku.

Watoto wengi huomba dinosaria, nami hufurahi wanapomwomba, kwa sababu sisi watu wa Lindi hatuna haja ya kuazima dinosaria wa wenzetu. Kilima cha Tendaguru kimo mkoani kwetu, na kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapo mifupa ya wanyama walioishi takribani miaka milioni 150 iliyopita, ambayo wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi ili isafirishwe kwenda Berlin. Mkubwa wao, ambaye sasa huitwa Giraffatitan, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13, na huyo ndiye anayetakiwa na kila mtoto. Kwa mpishi ni mtihani. Shingo ya keki ikisimamishwa huanza kuinama kabla wageni hawajafika, na kijiti cha mshikaki kilichofichwa ndani yake kinaweza kumchoma mtoto anayeuma bila kutazama. Ikiwa ni lazima awe yeye, mlaze ubavu juu ya ubao, ukate keki bapa kwa kufuata mchoro wa karatasi, na ukumbuke kwamba miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo huteremka kutoka mabegani kwenda mkiani. Bila mteremko huo, watu watasema umetengeneza mjusi.

Chaguo langu mimi ni Kentrosaurus, ambaye naye alitoka Tendaguru. Alikuwa na kichwa kidogo kilichokaa karibu na ardhi na safu mbili za mabamba shingoni na mgongoni, ambazo kadiri zinavyorudi nyuma hugeuka miiba mirefu hadi mkiani. Mnyama wa namna hii hulala kwa tumbo lake lote juu ya ubao, wala hakuna sehemu yake inayoning'inia. Mabamba yake nayo tunayo sokoni, maana korosho iliyopasuliwa katikati ina ukubwa na mkunjo unaofaa kabisa.

Keki ya kuchonga isiwe nyepesi. Natumia unga wa ngano gramu 500, siagi gramu 400, sukari gramu 400, mayai 8, vijiko 3 vya chai vya bekingi pauda, maziwa kidogo na arki ya vanila, nikioka katika trei ya sentimeta 30 kwa 20, kwenye oveni ya nyuzi 160, kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo, mpaka kijiti kitoke kikavu. Anayeoka kwa mkaa agawe mchanganyiko katika sufuria mbili ndogo, kila moja iingie ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha kupata moto, makaa mengi yakiwa juu ya mfuniko na machache chini. Keki ikishapoa, ifunge vizuri na uilaze kwenye friji hadi kesho yake, kwa kuwa keki ya siku hiyohiyo hubomoka chini ya kisu.

Siku ya pili, kata kipande cha sentimeta 18 kwa 20, ukigawe mara mbili na kupandanisha vipande hivyo kwa jemu ili upate kiwiliwili. Sehemu iliyobaki itatoa kichwa, shingo na mkia. Tumia kisu cha mkate chenye meno, uanze na pembe, ukiondoa vipande vyembamba na kurudi nyuma mara kwa mara kutazama, kwa sababu kipande kikubwa kikishatoka hakiungiki vizuri. Mkia uunde kwa vipande vinavyopungua unene, uuzungushe kufuata ukingo wa ubao. Makombo yachanganye na jemu kidogo uzibie mabonde.

Sasa niseme juu ya ngozi, ambayo ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Krimu ya siagi huyeyuka kwetu mchana, na fondanti, yaani donge laini la sukari la kufunikia keki, hunyonya unyevu wa hewa ikaanza kunata na kutoa jasho, tena huuzwa kwa bei kubwa. Mimi nimeachana na vyote viwili. Ninatumia donge la korosho, na kwa kazi hii zile zilizovunjika wakati wa kubangua, ambazo huuzwa kwa bei nafuu, zinafaa sawasawa na nzima. Chukua nusu kilo ya korosho zisizokaangwa, uzisage kidogokidogo katika blenda, ukisimama kila baada ya sekunde chache, maana zikisagwa mfululizo hutoa mafuta na unga hugeuka rojo. Chekecha. Kisha chemsha sukari gramu 250 kwa maji mililita 125 mpaka shira ianze kuvuta uzi mmoja ukiibana kati ya vidole, umimine unga wa korosho, ukoroge kwa moto mdogo mpaka donge liache kushika sufuria. Likiwa bado vuguvugu, likande kwa mikono iliyopakwa siagi hadi liwe nyororo, na hapohapo uchanganye kakao upate rangi ya udongo. Rangi ya majimaji iepuke, kwani hulilegeza donge.

Paka keki yote jemu ya nanasi iliyopashwa moto na kuchujwa, ambayo hushika makombo na kuigandisha ngozi. Sukuma donge kati ya karatasi mbili za nailoni hadi libaki na unene wa milimita 4 hivi, ulifunike juu ya mnyama, ulibonyeze kwa kiganja kuanzia mgongoni kushuka mbavuni ili hewa itoke. Miguu ifinyange kwa donge lililobaki na kuibandika ubavuni. Kazi yake ni kuonekana tu, uzito wote uko tumboni. Ngozi ikiwa bado laini, chomeka nusu za korosho mbilimbili kuanzia shingoni, theluthi moja ya kila kipande ikizama, zile ndogo mbele na kubwa mgongoni. Kuanzia kiunoni, miiba iwe ya biskuti nyembamba zilizokatwa pembetatu ndefu kabla ya kuokwa.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Wapo watoto ambao korosho huwadhuru vibaya, hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo waulize wazazi wa kila mwalikwa kabla ya kuanza kusaga, na akiwapo hata mmoja, achana na korosho kabisa katika keki hiyo.

Keki ikimalizika, ihifadhi mahali pakavu penye ubaridi, mbali na jiko. Ikiwa shughuli iko nyumba nyingine, iweke kwenye sakafu ya gari, si mapajani, na miiba ya mkiani ichukue katika kopo lake, uichomeke ukishafika.